Mguu wa Klachi

Viatu vya Wabwire havikuwahi kuzeeka pamoja. Cha kulia kiliisha kisigino, kikapasuka ubavuni, kikatoboka chini kwa kukanyaga mafuta na breki mchana kutwa, na wakati huo cha kushoto bado kilikuwa kinang'aa kama kimetoka dukani jana. Akinunua jozi mpya, kile cha kushoto cha zamani hakukitupa. Mkewe, Nasike, alikuwa na gunia chini ya kitanda, hapo kwao Gatwekera, Kibera, na ndani ya gunia mlikuwa na viatu tisa vya kushoto, vyote vizima, visivyo na wenzi. Mgeni akiuliza, Nasike alimjibu bila kucheka, "Ni vya Baba Timothy. Ana mguu mmoja wa kufanya kazi na mmoja wa kusikiliza."

Ilikuwa kweli. Wabwire akiingia garini, kabla hajagusa ufunguo, alivua kiatu cha kushoto pamoja na soksi, akaviweka kando ya kiti, kisha akakanyaga klachi kwa wayo mtupu. Baridi ya Julai ikija, wayo ulikuwa mtupu. Mvua ikinyesha, wayo ulikuwa mtupu. Alifundishwa hivyo mwaka wa sabini na tisa, alipokuwa kijana ametoka Busia kuja kupakia mbao katika yadi ya Mhindi mmoja kule Industrial Area. Dereva wa lori la yadi hiyo alikuwa mzee Obonyo, mtu wa maneno machache, na siku alipomkalisha Wabwire kwenye usukani kwa mara ya kwanza alimwambia avue kiatu.

"Klachi haina mdomo," Obonyo alisema. "Ikianza kushika inatetemeka kidogo tu, kama samaki akigusa ndoano. Ukivaa kiatu hutaisikia. Utasikia gari imeruka, na hapo umeshachelewa."

Wabwire aliyaweka maneno hayo kama watu wanavyoweka hati ya shamba. Miaka kumi na mitano akaendesha magari ya wenyewe. Mwaka wa tisini na nne akapata lake, Pijo 504 pikapu, nyeupe iliyokwisha kugeuka rangi ya chai, fimbo ya gia ikiwa juu, kwenye shingo ya usukani, si chini kama magari mengine. Waliokuwako wanaikumbuka. Hakuna mtaa wa Kibera ambao Pijo ile haikuhamisha mtu. Ilibeba vitanda vya maharusi na majeneza ya wazee, ilibeba mabati, makabati, tangi za maji. Mwaka ule watu walipochinjana kwa sababu ya kura, Wabwire alibeba watu wa kila kabila, wengine hawana mzigo ila godoro na mtoto, na hakuna aliyemuuliza anatoka wapi kabla hajampandisha. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kujivuna kidogo. Wabwire alijivuna zaidi ya kidogo.

Steji yake ilikuwa Kawangware, nyuma ya soko, pale pikapu na vigari vya mizigo hupanga foleni kungoja wateja. Watu husema wanawake ndio wenye maneno. Waliosema hivyo hawajakaa na madereva wasio na mzigo. Boneti zilifunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, na katikati yake ilikuwa ni injini ya nani, gia za nani, gari la nani linakula mafuta na la nani linanusa tu.

Siku moja Shivachi, kijana wa Probox, aliegemea gari lake akiwa na kikombe cha uji.

"Niaje, wazee. Leo tumalize hii kesi. Mifuko kumi ya simiti, kutoka hapa mpaka Gatwekera. Nani anafika bila jasho?"

"Mimi," alisema Abdulhamid. "Naweka D, naendelea na chai yangu."

Abdulhamid alikuwa Mnubi wa Makina, mzaliwa wa palepale, mpole, kofia yake haimtoki kichwani. Gari lake lilikuwa TownAce ya otomatiki, isiyo na klachi, na kwenye foleni nzima ya wazee wale ni yeye peke yake aliyekuwa na otomatiki. Yeye na Wabwire walifika steji hiyo mwaka mmoja, wakabishana tangu mwaka huo.

"Unaweka D," Wabwire alisema, "halafu gari ndiyo inaamua. Wewe si dereva, Hamidi. Wewe ni abiria mwenye leseni."

Wakacheka wote.

"Sawa," Abdulhamid alisema. "Lakini jamu ya Ngong Road inakukamata, unakanyaga klachi mara mia tatu. Mimi nakanyaga breki, naachilia. Jioni ni nani anayesuguliwa goti na mkewe?"

"Na betri yako ilipokufa pale Dagoretti Corner? Hii yangu mngeisukuma hatua kumi, ingewaka. Yako ilibebwa kama maiti."

"Ilibebwa. Sikatai."

"Na mteremko? Mvua imenyesha, matope ni kama sabuni, simiti iko nyuma. Mimi naweka gia ya kwanza, injini inanishikia gari. Wewe unashikiwa na nani?"

"Mungu."

"Na breki?"

"Mungu anatosha."

Hapo Wabwire alifungua mlango wa Pijo, akanyoosha nje mguu wa kushoto, mtupu, wenye wayo mweupe wa kupauka, akaupiga kofi kwenye paja.

"Sikilizeni. Otomatiki ni gari ya mtu aliyekatwa huu."

Shivachi alicheka mpaka uji ukamwagika. Abdulhamid naye alicheka, maana yalikuwa maneno ya kuchekesha, lakini alipomaliza alisema taratibu, "Usiseme hivyo, Wabwire. Mguu si wako. Umeazimwa."

Maneno hayo Wabwire hakuyasema mara moja. Aliyasema miaka ishirini. Dereva mgeni akija steji, wenzake walimsogeza karibu na Pijo na kusema, mzee, mwambie ile ya mguu. Naye anafungua mlango, ananyoosha mguu, anapiga kofi.

Ugonjwa wa sukari ulipomwingia hakujua. Alikuwa anakwenda choo mara nyingi na kunywa maji kama ng'ombe, akasema ni jua la Februari. Kliniki walipompima wakampa vidonge, akavimeza alipokumbuka. Mficha maradhi huumbuliwa na kilio, walisema wa zamani, lakini Wabwire hakuwa anaficha hasa. Hakuamini tu kwamba kitu kisichouma kinaweza kuwa ugonjwa.

Kitu cha kwanza kumtoka kilikuwa wayo. Haukuuma. Ulikuwa tu unakwenda mbali. Asubuhi akikanyaga sakafu ya saruji aliona kama amevaa soksi, akitazama hana soksi. Soksi hiyo ikanenepa mwezi kwa mwezi, na hakuwa na namna ya kuivua.

Na sasa tazama kosa ambalo ni dereva peke yake angelifanya. Klachi iliacha kumtetemekea. Aliinua mguu akingoja samaki aguse ndoano, samaki hakuja, mara gari likaruka kama mbuzi. Mtu mwingine angesema mguu wangu una nini. Wabwire alisema klachi imekwisha.

Akaenda kwa Isaac, fundi wake wa Kawangware, akamwambia ashushe giaboksi. Isaac alilala chini ya gari siku nzima, jioni akatoka na ile sahani ya klachi mkononi.

"Mzee, hii bado ina nyama. Shika uone."

"Weka mpya."

Akaweka mpya. Miezi saba baadaye Wabwire alirudi na neno lilelile. Isaac alishusha tena, akaitoa ile mpya, akaifuta kwa kitambaa na kuiweka juu ya boneti. Ilikuwa haijalika hata unene wa karatasi.

"Klachi za siku hizi ni za uongo," Wabwire alisema.

"Mzee, shida haiko hapa."

"Iko wapi?"

Isaac aliutazama ule mguu mtupu uliosimama kwenye vumbi lenye vipande vya chuma na misumari ya gereji. Palikuwa na damu kidogo karibu na kidole cha mwisho, na mwenyewe hakuwa na habari. Isaac alikuwa mwenye watoto, fundi aliyeheshimika, lakini mbele ya Wabwire alijiona mdogo. Akaogopa kusema.

"Nitaangalia zile springi," alisema.

Pale steji Shivachi aliuliza, "Mzee, siku hizi Pijo imejifunza rumba?" Wengine wakacheka. Abdulhamid hakucheka. Alikuwa anamtazama Wabwire anavyoteremka, anavyotangulia kutafuta ardhi kwa macho kabla ya kuikanyaga.

Wabwire, ili aisikie klachi vizuri zaidi, akatoa ule mpira wa sakafuni. Akawa anakaa juu ya bati tupu. Bomba la moshi la Pijo lilikuwa limekatika mwaka uliopita, na aliyelichomelea alilipandisha juu mno, karibu ligusane na sakafu upande wa miguu ya dereva. Abiria walilalamika kwamba gari lina joto. Wabwire aliwaambia Pijo ina damu moto.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa mwezi wa Novemba. Mshonaji mmoja, Phanice, alikuwa anahama kutoka Kawangware kwenda Mashimoni. Walipakia kitanda, meza, ndoo na magunia ya vitambaa, na kichwa cha cherehani Phanice alikikataza kuwekwa nyuma, akakipakata kama mtoto. Walipofika Ngong Road mvua ilianguka, magari yakasimama. Walikaa hapo saa mbili nzima, wakisogea hatua moja, wakisimama. Injini ilinguruma chini yao. Wabwire aliulaza mguu wake wa kushoto kando ya klachi, juu ya bati, kama alivyozoea kuupumzisha.

Phanice alinusa hewa. "Mzee, kuna nyama inaungua."

Wabwire naye akanusa. "Ni hao wachoma mutura kando ya barabara. Mvua ikinyesha moshi unaingia kwa gari."

Phanice alipangusa kioo kwa kiganja, akachungulia. "Mbona sioni mtu?"

"Wako tu. Wanajikinga mahali." Halafu akacheka kidogo. "Hata mimi njaa imenishika."

Walifika Mashimoni jioni. Wabwire alivaa soksi yake, akavaa kiatu, akasaidia kushusha kitanda, akambebea Phanice cherehani mpaka mlangoni, akaliegesha gari kwenye kituo cha petroli, akatembea mpaka Gatwekera kwenye matope. Nyumbani alikaa kwenye kiti, Nasike akainama kumvua viatu, maana alimwona amechoka. Cha kulia kilitoka. Cha kushoto kilitoka. Soksi ilikataa. Ilipotoka, haikutoka peke yake.

Nasike hakupiga kelele. Aliushika ule mguu kwa mikono miwili, akausogeza karibu na taa.

"Baba Timothy, hii imekuuma tangu saa ngapi?"

"Nini?"

Alimtazama usoni ajue kama anamtania. Hakuwa anamtania. Ndipo Nasike alipoanza kulia.

Angekwenda hospitali usiku huo, labda. Lakini ilikuwa mwisho wa mwezi, wakati wa watu kuhama, na Wabwire alisema malengelenge ya moto anayajua, ni maji ya chumvi tu. Alifunga wayo kwa kitambaa, akauvika karatasi ya plastiki, akaendesha siku tisa zaidi. Siku ya kumi homa ilimwangusha pale steji, na Abdulhamid ndiye aliyemlaza kwenye TownAce, nyuma, juu ya magunia, akampeleka hospitali.

Walikata vidole kwanza. Wiki ya pili daktari alikuja na karatasi ya kutia sahihi, akaeleza kwamba kuoza kumepanda na lazima ukatwe chini ya goti.

"Wa kushoto?" Wabwire aliuliza.

"Wa kushoto, mzee."

"Hakuna namna mchukue wa kulia?"

Daktari alidhani ni homa. Alimweka mkono begani na kumwambia kwa upole kwamba mguu wa kulia hauna shida.

"Najua," Wabwire alisema. "Lakini wa kulia ni wa kukanyaga tu. Huu ndio ninaotumia."

Nasike, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, ndiye aliyeelewa. Akaichukua kalamu na kumwekea mumewe mkononi, vidole vyake akavifunga yeye mwenyewe.

Aliporudi Gatwekera alibebwa mgongoni vichochoroni, kwa kuwa magongo na matope hayaelewani. Chini ya kitanda palikuwa peupe. Gunia la viatu halikuwako.

Madereva walikuja kumwona, wameoga, wamevaa mashati safi. Shivachi alileta mkate, unga na kilo mbili za sukari kama mtu aliyelelewa vizuri, na sukari ilipofika mezani kila mtu aliitazama, pamoja na Shivachi, asijue airudishe au aiache. Nasike akaiondoa haraka, akashukuru. Wakaongea habari za steji. Fulani amebadilisha injini. Fulani amenunua gari kutoka mnada, kumbe maili zake ni za kudanganya. Waliongea wakiruka maneno kama watu wanaovuka mtaro. Klachi hakuna aliyeitaja. Gia hakuna. Neno otomatiki lilikaa katikati ya chumba kama mgeni asiyesalimiwa.

Abdulhamid alingoja mpaka wiki nyingine, akaja peke yake. Alikunywa chai isiyo na sukari, hakulalamika. Kisha akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka mezani.

"Macho yangu yameanza ukungu," alisema. "Siwezi tena wiki nzima. Nikiendesha siku tatu, na wewe tatu, gari halilali."

"Gari gani?"

"Si unaujua ufunguo wangu?"

Wabwire aliutazama ufunguo kwa muda. Akausukuma kwa kidole kimoja mpaka ukafika ukingo wa meza upande wa mwenyewe.

"Umekuja kunicheka kwa nyumba yangu, Hamidi."

"Ningetaka kukucheka," Abdulhamid alisema, "ningekucheka miaka ishirini iliyopita, nikiwa na meno." Akauchukua ufunguo, akamuaga Nasike, akatoka.

Nasike alikuwa ameanza kufua nguo za watu kwenye magorofa ya Nyayo Highrise. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na goti lake lilikuwa bovu kabla ya mguu wa mumewe. Timothy, mwana wao, alikuwa Mumias, anatuma alichoweza. Jioni ile Nasike hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Alikaa mbele ya Wabwire, mikono yake imekunjamana kwa maji.

"Nilikuwa hapo nje. Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia ukimfukuza mtu aliyekubeba ukioza. Sasa nisikilize, Baba Timothy. Mimi napanda ngazi za watu, ghorofa ya nne, na ndoo mbili. Nimesema neno? Sijasema. Maneno ya steji ni yako, uliyasema mwenyewe na ulichekewa mwenyewe. Ugali ni wetu."

Siku ya tatu asubuhi, Jumapili, Wabwire alimwambia amletee kiatu. Nasike akaleta cha kulia, akampigia magoti, akamfunga kamba, kisha akampigia Abdulhamid simu.

Abdulhamid aliwachukua mpaka uwanja mmoja wa Kibera, mapema, watu wakiwa bado wanajiandaa kwenda kanisani. Nasike alibaki chini ya ukuta, kanga mdomoni. Wabwire aliingia upande wa dereva kwa shida, akayapitisha magongo nyuma, akakaa. Kigutu chake kilining'inia chini ya usukani, suruali imekunjwa na kubanwa pini. Mkono wake ulikwenda kwenye shingo ya usukani kutafuta fimbo ya gia, ukakuta iko hapo, ila si ile.

"Kanyaga breki," Abdulhamid alisema kutoka kiti cha pembeni. "Shusha mpaka D. Sasa achilia."

Gari likaondoka.

"Inaenda," Wabwire alisema.

"Inaenda."

"Bila kuulizwa."

"Imeulizwa. Haijibu kwa kelele kama Pijo."

Alizunguka uwanja mara moja, akazunguka mara ya pili. Hapakuwa na kitu cha kufanya. Alikuwa amekaa kama mtu aliyealikwa karamuni akaambiwa asipike, asiandae, asioshe. Mara ya tatu mkokoteni wa mitungi ya maji ulikata mbele yake ukitokea nyuma ya vibanda. Mguu wa kulia ulikanyaga breki, gari likasimama vizuri, mwenye mkokoteni akapita akiinua mkono kuomba radhi.

Wabwire alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili, hatingishiki. Kigutu kilikuwa kimejikaza chini, kimepiga plastiki ya chini ya usukani.

"Umeumia?" Abdulhamid aliuliza.

"Imetetemeka."

"Nini imetetemeka?"

"Klachi." Akaonyesha kwa kidevu pale chini, penye mpira mtupu wa sakafuni. "Nimekanyaga, nikaachilia. Ikanitetemekea hapa, katikati ya wayo."

"Wabwire. Hakuna klachi hapo."

"Najua."

"Na wayo..."

"Najua, Hamidi. Najua haupo. Lakini imetetemeka. Miaka mitatu sijaisikia hivyo. Nilimwambia Isaac klachi ni mbovu, nikamwambia weka mpya, weka mpya. Haikuwa mbovu."

Ndipo alipolia. Hospitali hakulia, wala siku aliyobebwa mgongoni kama mtoto mbele ya majirani. Alilia pale, ndani ya otomatiki, kanisa la karibu likianza kupiga ngoma. Abdulhamid alizima injini, akageuza uso kutazama nje upande mwingine, akakaa hivyo mpaka mwenzake alipomaliza.

Cheti cha daktari na leseni mpya vilichukua miezi. Leseni ilisema otomatiki peke yake. Wabwire aliisoma mara mbili na kuirudisha kwenye bahasha.

Siku ya kwanza kurudi Kawangware aliiegesha TownAce mahali pa Abdulhamid, kwenye foleni, akashusha kioo, akangoja. Alikuwa amejiandaa usiku kucha. Alijua watakavyosema, alikuwa na majibu, moja la Shivachi na moja la wale wengine, na alijua baada ya kicheko cha kwanza mambo yatakuwa kama zamani. Walikuja wakamsalimia. Mmoja alimletea uji. Wakamwachia mteja wa kwanza ingawa haikuwa zamu yake.

"Shivachi," Wabwire alisema, "sema basi."

"Niseme nini, mzee?"

"Ile ya mguu."

Shivachi aliangalia kikombe chake. "Ah, mzee," alisema, na akaenda kuchukua maji kwenye gari lake, ambalo lilikuwa halihitaji maji.

Ikawa hivyo. Wabwire akiwa steji, boneti zilifunguliwa na watu wakatazama ndani bila kubishana. Mjadala ukianza, mtu mmoja alimkonyeza mwenzake, ukafa. Nasike aliacha ngazi za Nyayo Highrise, unga haukukosekana, na hayo ni mambo ya kumshukuru Mungu. Lakini steji ile iliyokuwa na kelele kushinda soko ikawa, siku zake tatu za wiki, kama nyumba yenye matanga.

Pijo ilikaa miezi kumi nyuma ya gereji ya Isaac, magurudumu yamelala, kuku wakitaga kwenye kiti. Watu wa vyuma chakavu walikuja mara mbili na misumeno yao. Mwishowe Shivachi, ambaye Probox aliyokuwa anaendesha ilikuwa ya mtu mwingine, akaenda Gatwekera usiku na maneno ya adabu, wakapatana bei.

Asubuhi ya kuichukua, Wabwire alikuja mwenyewe kuitoa. Isaac alikuwa ameiwekea betri na upepo. Wabwire alisimama kwenye mlango wa dereva, magongo kwapani, akampa Shivachi ufunguo. Shivachi aliingia, akarekebisha kioo, akaweka mkono kwenye gia akihesabu kimoyomoyo, ya kwanza iko wapi, ya pili iko wapi. Kisha akainama na kuanza kufungua kamba ya kiatu cha kushoto.

"Unafanya nini?" Wabwire aliuliza.

"Navua, mzee." Shivachi alionekana kuona haya kidogo. "Si ndivyo inavyoendeshwa? Klachi haina mdomo. Ulituambia."

Wabwire aliutazama mguu ule, kijana, mnene, soksi imetoboka kidole gumba. Aliyafikiria maneno ya Obonyo. Alikuwa nayo yote bado, na yale ya samaki na ndoano, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwachia.

"Vaa kiatu," alisema.

"Lakini mzee, wewe mwenyewe..."

"Vaa kiatu, Shivachi. Na ule mpira wa sakafuni Isaac anao. Usiondoke bila huo."

Shivachi akavaa. Isaac akauleta mpira, wakautandika. Injini iliwaka kwa mara ya tatu, ikatoa moshi, ikatulia kwenye sauti yake ya zamani. Shivachi aliinua mguu haraka mno. Pijo ikaruka kama mbuzi, ikasita, gia ikalia chuma kwa chuma, kisha ikaingia barabarani. Wabwire alisimama pale akisikiliza mpaka ilipobadilisha ya pili, vibaya, na ya tatu, vibaya kidogo, na kelele za Naivasha Road zikaimeza.